Seva isiseme "imekamilika" kabla AS/400 haijaandika

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tueleze jambo ambalo wasomaji wako hulilalamikia kila mwisho wa mwezi. Mtu anahamisha fedha kutoka kwenye simu kwenda akaunti yake ya benki, anapata ujumbe kwamba muamala umekamilika, akiangalia salio anakuta lile lile la jana. Akiuliza anaambiwa mtandao unasumbua, asubiri saa 24. Mwingine analipa ada ya mtoto mara moja na kukatwa mara mbili. Mtandao unasingiziwa mno. Mara nyingi ujumbe huwa umeshafika salama ndani ya jengo, ukakwama kwenye mita chache za mwisho: kati ya seva za kawaida za Windows au Linux zinazopokea miamala, na ile kompyuta ya ukubwa wa kati inayotunza leja, yaani daftari kuu la hesabu.

Kwenye mabenki, kampuni za bima na viwanda vingi duniani, kompyuta hiyo ni AS/400. IBM iliizindua tarehe 21 Juni 1988, kazi ya maabara yake ya Rochester, jimbo la Minnesota. Baadaye iliitwa iSeries, kisha System i, na tangu 2008 mfumo wake endeshi unaitwa IBM i na unakaa kwenye seva za Power. Mafundi wengi bado wanasema AS/400, nasi tutasema hivyo hivyo. Wakuu wa idara wakiiona ile skrini ya kijani hudhani ni mashine ya makumbusho, wakataka inunuliwe nyingine. Sisi tunaohudumia pande zote mbili tunawaomba waanze kukagua daraja linaloziunganisha. Leja ikipelekewa rekodi sahihi kwa utaratibu sahihi, inaiandika. Kinachoharibu ni namna rekodi inavyopelekwa, na kile ambacho seva inamwambia mteja kabla leja haijasema lolote.

Kanuni tunayoitetea ni hii: seva isimjibu mtu "imekamilika" mpaka AS/400 iwe imeuandika muamala kwenye leja na kuufunga kwa amri ya COMMIT, inayouthibitisha muamala. Kabla ya hapo neno la kweli ni "tumepokea, tunashughulikia". Yanayofuata ni namna ya kuitimiza kanuni hiyo.

Njia iliyozoeleka ni faili. Seva inakusanya miamala ya dakika tano kwenye faili la maandishi, inalituma kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta, na kazi iliyopangwa upande wa AS/400 inalisoma. Kosa lake linajulikana: msomaji analifungua faili kabla mtumaji hajamaliza, anachukua nusu ya rekodi, anaandika kwamba faili limeshasomwa, na nusu ya pili haitafutwi na mtu. Anayelazimika kutumia faili alitume kwa jina la muda, na likishafika lote ndipo alibadilishe jina kuwa lile ambalo msomaji analitafuta. Mstari wa mwisho ubebe idadi ya rekodi na jumla ya fedha, na msomaji alikatae faili lisilo na mstari huo. Hata hivyo dakika tano ni dakika tano. Mteja aliyesimama kaunta ya duka hawezi kusubiri kiasi hicho, kwa hiyo programu ya seva inaanza kumjibu kwa kukisia. Faili liachiwe taarifa za jioni.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Mtu wa seva anagundua kwamba ODBC, kiunganishi cha programu na hifadhidata, inamfungulia hifadhidata ya AS/400, na kwamba anaweza kuandika UPDATE, amri ya kubadilisha rekodi, moja kwa moja kwenye faili kuu la salio. Siku ya majaribio inafanya kazi vizuri kabisa. Lakini programu za lugha ya RPG au COBOL zinazoendesha leja ndizo zinazokagua kikomo, zinazotoza ada, na zinazoandika upande wa debiti na wa krediti kwa pamoja. Ukipita dirishani umeacha yote hayo. Kisha kuna kufuli. Seva ikiishika rekodi ya akaunti huku ikisubiri jibu la mfumo mwingine, keshia anayeihitaji rekodi hiyo hiyo anasubiri sekunde 60, ambazo ndizo muda wa kawaida wa faili nyingi, halafu programu yake inapata CPF5027: rekodi inatumika na kazi nyingine. Mambo yakiwa kinyume, seva ndiyo inayopata SQL0913, ujumbe wa maana hiyo hiyo. Hakuna mtu wa nje anayepaswa kugusa faili kuu la leja.

Njia inayodumu ina vitu vitatu upande wa AS/400: jedwali la mapokezi, foleni ya data, na programu moja inayosubiri. Upande wa seva kuna kimoja, nacho ni sanduku la kutoka, yaani jedwali kwenye hifadhidata ya PostgreSQL au SQL Server ambamo kila muamala unaandikwa kwenye diski kabla ya kujaribiwa kutumwa.

Jedwali la mapokezi, tuliite MAPOKEZI ndani ya maktaba ya MALIPO, liwe na nambari ya muamala yenye ufunguo wa kipekee, chanzo, akaunti, kiasi kama DECIMAL(15,2), sarafu herufi 3, wakati wa tukio, hali ya herufi moja, na nafasi ya maelezo ya kosa. Hali iwe M kwa mpya, L kwa iliyoingia leja, K kwa yenye kasoro. Nambari ya muamala izaliwe mara moja tu, pale muamala unapoanza, na isafiri hiyo hiyo mpaka mwisho. Hapa ndipo chanzo kikubwa cha kukatwa mara mbili kilipo: seva inakosa jibu, inajaribu tena, na programu yake inatengeneza nambari mpya kwa kila jaribio. AS/400 inaona miamala miwili halali. Nambari ikiwa ile ile, jaribio la pili linagonga ufunguo na kurudisha SQL0803, hali 23505, yaani nambari imerudiwa. Seva isiichukulie hiyo kuwa ajali. Isome rekodi iliyopo, ilinganishe akaunti na kiasi, vikilingana ihesabu kwamba imeshafika, visipolingana ipige kengele kwa binadamu.

Tuseme wazi kuhusu jonali, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la jedwali, maana hapa ndipo wengi wanapojikata. Jedwali likiundwa kwenye maktaba iliyotengenezwa kwa CRTLIB, kwa kawaida halina jonali. Seva ikiunganishwa kwa ODBC au JDBC, mwenzake wa lugha ya Java, na kutaka COMMIT, inapata SQL7008: jedwali halifai kwa operesheni hiyo. Ukitafuta ufumbuzi haraka utaambiwa uweke kiwango cha COMMIT kuwa *NONE. Kosa linatoweka, na ulinzi nao unatoweka: umeme ukikatika katikati, rekodi tatu kati ya tano zinabaki na hakuna cha kuzirudisha nyuma. Dawa halisi ni amri tatu. CRTJRNRCV inatengeneza kipokezi kinachotunza kumbukumbu hizo, CRTJRN inatengeneza jonali, na STRJRNPF inaliweka jedwali chini ya jonali hiyo. Ukitumia CREATE SCHEMA badala ya CRTLIB, jonali ya QSQJRN inaundwa yenyewe na majedwali yanaingia humo bila kuombwa. Baada ya hapo uwepo mpango wa vipokezi: MNGRCV(*SYSTEM) ili vibadilishwe vyenyewe vikifikia kikomo, na vya zamani vifutwe baada tu ya kuhifadhiwa kwenye nakala. Ukivisahau, vinajaza diski polepole, na siku moja mfumo unaanza kulalamika kwamba hifadhi imefika asilimia 90.

Foleni ya data ni kitu ambacho watu wa Windows na Linux hawakizoei, na ni zawadi ya mashine hii. Inatengenezwa kwa CRTDTAQ, inaandikwa kwa QSNDDTAQ, inasomwa kwa QRCVDTAQ, na msomaji anaamka mara ujumbe unapoingia bila kupoteza nguvu za kompyuta kwa kuchungulia kila sekunde. Ujumbe mmoja unaweza kufika baiti 64,512. Ukubwa huo unawashawishi watu kuupeleka muamala mzima ndani ya foleni, na hilo tunalikataa. QRCVDTAQ ikishasoma, ujumbe umeondoka. Programu ikifa baada ya kusoma na kabla ya kuandika leja, fedha za mtu zimeyeyuka na hakuna alama popote. Kwa desturi foleni huundwa na FORCE(*NO), kwa hiyo mashine ikizimika vibaya, hata zile ambazo hazijasomwa zinaweza kupotea. Na foleni ya data haijui COMMIT wala ROLLBACK, amri ya kurudisha nyuma.

Basi foleni ifanye kazi ya kengele tu. Muamala wenyewe uandikwe kwenye MAPOKEZI, na ndani ya foleni iingie nambari yake peke yake, kwa mfano herufi 36:

CRTDTAQ DTAQ(MALIPO/KENGELE) MAXLEN(36) AUTORCL(*YES)

AUTORCL(*YES) inairudishia mashine nafasi foleni inapokuwa tupu. Bila hiyo, foleni iliyovimba siku ya mishahara inabaki imevimba. Kengele ikipotea hakuna kilichoharibika, kwa sababu rekodi ipo jedwalini na hali yake ni M.

Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko unavyoonekana. Seva iingize rekodi, ifunge kwa COMMIT, kisha ndipo igonge kengele. Wapo wanaoweka triga kwenye jedwali ili kengele igonge yenyewe rekodi inapoingizwa. Inapendeza machoni, lakini triga inagonga kabla ya COMMIT. Programu ya leja inaamka mara moja na kuitafuta rekodi. Ikiwa inasoma kwa nia ya kubadilisha, inaganda ikisubiri kufuli la seva. Ikiwa ni programu ya RPG inayosoma bila kufuli na bila udhibiti wa COMMIT, inaiona rekodi ambayo bado haijafungwa, inaipeleka kwenye leja, na sekunde moja baadaye seva inafanya ROLLBACK. Leja sasa ina muamala ambao seva inaapa kuwa haupo. Kosa la aina hii halionekani kwenye majaribio ya muamala mmoja mmoja. Linatokea siku yenye msongamano.

Seva inagonga kengele kwa njia mbili. Kwenye matoleo ya karibuni ya IBM i kuna utaratibu wa SQL, lugha ya hifadhidata, uitwao QSYS2.SEND_DATA_QUEUE, unaoitwa kwenye muunganisho ule ule wa hifadhidata. Nyingine ni maktaba ya Java iitwayo Toolbox, inayozungumza na foleni kupitia poti 8472. Ukitumia Java kumbuka kwamba foleni haigeuzi herufi, inahifadhi baiti kama zilivyoletwa. Seva inaandika tarakimu 1 kama 31 kwa heksadesimali, AS/400 inaijua 1 kama F1. Ukiandika kwa kamba ya herufi, Toolbox inageuza. Ukiandika kwa safu ya baiti haigeuzi, na programu ya leja inatafuta nambari ambayo haipo duniani. Dalili yake ni kengele zinazogonga na rekodi zinazobaki M.

Hili la herufi tulikalie kidogo, kwa kuwa ndilo linaloleta makosa yasiyoeleweka. AS/400 inatumia EBCDIC, utaratibu wa IBM wa kuandika herufi, na kila safuwima ina nambari ya CCSID inayoeleza herufi zake zimeandikwaje: 37 ndiyo ya kawaida kwa Kiingereza cha Marekani, 1208 ni UTF-8, na 65535 maana yake ni "usiguse". Kwenye mafaili ya zamani utaikuta hiyo 65535, na dereva wa ODBC akiiona hageuzi chochote. Suluhisho ni kuipa safuwima CCSID yake halisi. Kuwasha chaguo la kugeuza 65535 upande wa seva kunaficha tatizo mpaka seva ya pili ifungwe bila chaguo hilo.

Majina ya kwetu yana jaribu lake. Chukua jina la ukoo kama Ng'ang'a. Programu ya seva inayounganisha vipande vya maandishi kutengeneza amri ya SQL inavunjika pale penye ritifaa (') ya kwanza, kwa sababu SQL inaichukua kuwa mwisho wa maneno. Tumia alama za vigezo, kila thamani ipite peke yake; hilo pia linafunga mlango kwa wezi wanaoingiza amri kupitia sehemu ya jina. Halafu simu nyingi zinabadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyopinda haimo ndani ya CCSID 37. Inageuzwa kuwa 3F, alama ya kubadilishia, na kwenye skrini ya keshia jina linatoka na doa. Ulinganishaji wa jina unafeli, muamala unarudishwa, mteja anaambiwa jina halilingani na akaunti. Ama nyoosha ritifaa zote upande wa seva kabla ya kutuma, ama weka safuwima ya jina kuwa CCSID 1208 na uipe urefu wa kutosha, kwa maana huko urefu unahesabiwa kwa baiti na ritifaa iliyopinda inakula 3.

Fedha nazo zina namna yake. AS/400 inahifadhi kiasi kwa tarakimu zilizofungashwa, mbili kwa kila baiti, na nusu ya baiti ya mwisho ikibeba alama ya chanya au hasi. Shilingi 125,075.00 kwenye sehemu ya tarakimu 9, mbili zikiwa za senti, inakaa hivi: 01 25 07 50 0F. Sasa mtu wa seva anaamua kuzifungasha mwenyewe na kuzituma kwenye mkondo wa maandishi. Njiani kigeuzi kinadhani hizo ni herufi. 25 kwake ni alama ya asilimia, anaibadilisha kuwa 6C. 07 inakuwa 2F. 50 ni herufi P, inakuwa D7. Kinachofika ni 01 6C 2F D7 0F. Programu ya RPG ikikigusa inakuta C, F na D mahali pa tarakimu na kuanguka kwa MCH1202, kosa la data ya desimali. Kosa hilo hilo linatokea sehemu ya fedha ikiachwa tupu na kujazwa nafasi, yaani 40 40 40 40 40. Usifungashe chochote mwenyewe. Mwachie dereva wa JDBC au ODBC ageuze, mpe aina ya desimali halisi ya lugha yako, na usipitishe fedha kwenye namba za nukta inayoelea, kwani 0.1 haina umbo kamili humo na senti zitakosekana kwenye jumla.

Tarehe za mafaili ya zamani mara nyingi ni namba ya tarakimu 7: 1250314 ni tarehe 14 Machi 2025, ile 1 ya mbele ikiwa ni karne. Zile za tarakimu 6 zinasomwa na SQL kama miaka kati ya 1940 na 2039, kwa hiyo anayepokea mikataba ya miaka 20 ajihadhari. Kwenye MAPOKEZI weka TIMESTAMP kamili na uamue saa ya wapi. Seva nyingi za Linux zinaendeshwa kwa saa ya dunia (UTC), leja kwa saa ya Afrika Mashariki, tofauti ni saa tatu. Muamala wa saa saba na nusu usiku kwetu, kwa seva bado ni jana saa 22:30. Ukiupeleka hivyo unaangukia siku ambayo leja imeshaifunga.

Programu inayosubiri isisubiri milele. QRCVDTAQ inapokea muda wa kusubiri kwa sekunde, na namba hasi maana yake ni bila kikomo. Weka 30. Sekunde 30 zikipita bila kengele, programu inapitia jedwali na kuchukua rekodi zote zenye hali M zilizozidi dakika moja. Siku zenye kengele mfululizo ifanye upekuzi huo kwa saa yake, kwa sababu muda wa kusubiri hautaisha kamwe. Kila rekodi inaandikwa leja na kubadilishwa kuwa L ndani ya COMMIT moja. Hapo ndipo programu inaweka jibu kwenye foleni ya pili, MAJIBU, iliyoundwa kwa ufunguo, na ufunguo ni nambari ya muamala, ili kila seva ichukue jibu lake bila kugusa la mwenzake.

Rekodi mbovu isiruhusiwe kuisimamisha programu. RPG isiyokamata makosa inatoa swali kwa mwendeshaji, achague jibu kati ya C G D F, na kusimama. Ukifungua WRKACTJOB, orodha ya kazi zinazoendelea, unaiona imeandikwa MSGW, yaani inasubiri jibu, na imeandikwa hivyo tangu saa nane usiku, nyuma yake rekodi maelfu zikisubiri. Weka sehemu ya kugusa data ndani ya MONITOR, sehemu ya RPG inayokamata makosa, ikianguka iandike K na maelezo ya kosa, iendelee na inayofuata.

Jibu lisipofika kwa wakati, seva iko gizani: haijui kama leja imeandika au la. Hapa ndipo uharibifu mwingi unafanyika, kwa sababu programu za seva huandikwa na majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na ukimya unahesabiwa kuwa hapana. Seva inamrudishia mteja fedha kwenye simu wakati leja imeshamwandikia. Ukimya uwe jibu la tatu. Seva iulize kwa nambari ya muamala: hali ni L, imekamilika, ni K, irudishe fedha, ni M, isubiri, haipo kabisa, itume tena kwa nambari ile ile. Isirudishe fedha mpaka iwe imeona K.

Programu za leja zikiwa zaidi ya moja kwenye foleni moja, miamala miwili ya akaunti moja inaweza kupitana, kutoa kukatangulia kuweka. Gawa kwa tarakimu ya mwisho ya akaunti, kila programu na foleni yake.

Kuhusu kasi, fanyeni hesabu kabla ya kulaumu mashine. Safari moja ya kwenda na kurudi kati ya seva na AS/400 ikichukua milisekunde 5, mtumaji mmoja anayetuma mojamoja hawezi kuvuka 200 kwa sekunde, hata AS/400 ikiwa inalala. Ikichukua milisekunde 40 kwa sababu seva iko mji mwingine, ni 25. Tuma rekodi 50 kwa mkupuo na COMMIT moja, na mkupuo ukikataliwa zitume zile 50 mojamoja ili ile mbovu ijulikane na 49 zipite. Fungua miunganisho michache na uiache wazi. Kufungua mpya kwa kila muamala kunaisumbua AS/400 kuingiza mtumiaji na kuandaa kazi ya QZDASOINIT kwa ajili ya rekodi moja.

Miunganisho iliyoachwa wazi ina adui wake, faiawoli, yaani ukuta wa ulinzi wa mtandao. Nyingi zinakata kimyakimya muunganisho uliotulia, bila kumwambia yeyote, na AS/400 kwa kawaida inasubiri dakika 120 kabla ya kuuliza kama upande wa pili upo. Matokeo yake ni muamala wa kwanza wa asubuhi kuganda. Peleka swali dogo, VALUES 1, kila dakika chache kwenye kila muunganisho. Poti za kufunguliwa ni 449, 8470, 8471, 8472, 8475 na 8476, lakini hizo data inapita wazi. Kwa fedha za watu tumia zenye TLS, ambako data inafichwa kwa msimbo: 9470, 9471, 9472, 9475 na 9476. Cheti cha TLS kiwe na mtu anayejua tarehe yake ya kuisha.

Mtumiaji wa muunganisho awe wake peke yake, mwenye haki ya MAPOKEZI na foleni mbili tu, asiwe QSECOFR, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Nenosiri lake likifika mwisho usiku, au likibadilishwa na seva moja kati ya nne ikasahauliwa, seva hiyo itaendelea kujaribu la zamani mpaka ifikie idadi iliyowekwa kwenye QMAXSIGN, mtumiaji afungwe, na zile tatu zilizo sawa zikose pa kuingilia. Zima kwanza seva zote, badilisha, washa moja, hakikisha, ndipo washa nyingine.

Usiku nakala kamili inapochukuliwa, AS/400 inafunga mifumo yake midogo yote na mtandao nao unazimwa. Hakuna seva itakayoifikia. Hapo ndipo sanduku la kutoka linapolipa gharama yake: miamala inabaki kwenye diski, mteja anaambiwa ukweli kwamba imepokelewa na inasubiri, na mashine ikiamka inatumwa kwa mpangilio. Mtumaji asianze kwa kasi yote.

Kwa ufuatiliaji, usihesabu urefu wa foleni peke yake. Pima umri wa rekodi ya zamani zaidi yenye hali M, na ukizidi sekunde 60 mtu aamshwe.

Na kabla ya kukabidhiwa, daraja lijaribiwe kwa kuvunjwa. Chomoa waya baada ya INSERT na kabla ya COMMIT. Uue mtumaji baada ya COMMIT na kabla ya kengele. Uue programu ya leja baada ya kusoma kengele. Futa foleni nzima kwa API ya QCLRDTAQ wakati miamala inapita. Tuma muamala mmoja mara kumi. Tuma jina lenye ritifaa iliyopinda na kiasi kilichoachwa tupu. Baada ya kila jaribio linganisha idadi na jumla ya fedha kwenye sanduku la kutoka, MAPOKEZI na leja, mpaka senti ya mwisho. Meneja anayeletewa mfumo asaini baada ya kuziona jumla hizo tatu kwenye karatasi moja.

Mafundi wa mifumo ya AS/400 na seva,
Dar es Salaam